Matundu Mawili ya Sindano

Karakana,
Machi 2

Mheshimiwa Mfamasia,

Usianze kununa, natania. Sisi wazima, isipokuwa Mama, ndiyo maana sikungoja mwisho wa mwezi kama kawaida yetu.

Mama anaona vitu viwili viwili. Alianza kwa kusema taa ya mtaani imezaa. Tukacheka. Juzi nimemkuta mezani kwake, uzi umelowa mate, sindano mkononi, anachoma hewa. "Matundu ni mawili," akaniambia, "na kila ninalolichagua ndilo la uongo." Akaiweka sindano chini, akamwita bibi harusi wetu amtungie uzi. Unamjua Mama. Tangu lini akaomba mtu amtungie uzi?

Na hapo ndipo penye kazi. Binti yangu anaolewa mwishoni mwa Aprili, na gauni bibi yake ameapa kulishona mwenyewe. Kitambaa cheupe kiko mezani tangu Desemba hakijaguswa. Anasema hawezi kukata kitu chenye kingo mbili. Akisimama anayumba, inabidi ashike ukuta. Usiku nyumba ikitulia nasikia ile vali ya chuma aliyowekewa moyoni ikigonga, tik, tik, basi najua yu macho anawaza gauni.

Mimi ni fundi wa mafriji. Friji likipiga kelele nazima kitu kimoja kimoja mpaka kelele inyamaze, na kilichonyamazisha ndicho mkosaji. Kelele hii ilianza baada ya Januari, alipoanguka kifafa pale kwenye cherehani na kliniki wakamwongezea dozi ya ile dawa yake ya siku zote ya kichwa. Dawa ya damu haijabadilika kwa miaka. Sasa niambie wewe uliyesoma: mkosaji nani?

Ningekupigia, lakini amri ya Mama unaijua. Tangu tulipokatiana simu wiki ile ya kumzika Baba, mimi na wewe ni watu wa barua. "Barua haikatwi kauli." Haya, hujanikata.

Wifi yako anakusalimu.

Kaka yako


Chumba cha dawa,
Machi 6

Shikamoo Kaka,

Nimekusikiliza mpaka mwisho. Sasa zamu yangu.

Mkosaji umemkamata. Karbamazepini, hiyo mnayoiita dawa ya kichwa, inatuliza mishipa ya fahamu isirushe cheche ovyo. Cheche zikiruka nyingi kwa pamoja, Mama anaanguka. Lakini dawa haichagui mishipa ya kutuliza. Dozi ikipanda, hata ile inayoongoza macho na miguu inapoa. Macho hayaendi pamoja, mtu anaona viwili, anayumba. Huu si ugonjwa mpya, ni dozi.

Mpeleke kliniki waipunguze wao, au wambadilishie. Usiipunguze nyumbani wala usiiache. Ubongo uliozoea breki, ukiing'oa breki ghafla, kifafa kinarudi kwa kishindo. Na mtu mwenye vali ya chuma, anayetumia dawa ya damu, hatakiwi kuanguka na kugonga kichwa. Damu ikianza kuvuja humo ndani haina haraka ya kuacha.

Usiguse, Kaka. Nakujua na bisibisi yako. Mama si friji.

Kipimo cha kuganda kwa damu cha mwezi huu amepima? Niandikie.

Mwambie bibi harusi shangazi yake anakuja na zawadi, asiniandalie kiti cha nyuma.

Mdogo wako


Karakana,
Machi 19

Mdogo wangu,

Leo naandika nikiwa na raha. Mama anatunga uzi mwenyewe! Taa ya mtaani imerudi kuwa moja. Kitambaa kimekatwa, mikono imeungwa, na jana kanifukuza mezani kwa sababu mikono yangu ina grisi. Ule uzito wa kichwa asubuhi umemtoka. Anaamka mapema, anamgombeza kila mtu, nyumba imerudi kuwa nyumba.

Lile la macho tumelishughulikia. Taratibu, bila pupa. Nililizingatia sana lile neno lako "ghafla". Hajaanguka hata mara moja.

Kipimo cha damu hakikufanyika. Tulikwenda, tukakuta wamebandika tangazo mlangoni: vitendanishi vya kupimia damu vimekwisha, mrudi mwezi ujao. Dawa ya damu anakunywa kila jioni kama saa, hiyo usiwe na shaka nayo.

Kwa hiyo mwenye bisibisi naye ana akili zake.

Kaka yako


Chumba cha dawa,
Machi 23

Shikamoo Kaka,

Afadhali kliniki wameipunguza. Hukuniambia wamemwandikia dozi gani. Niandikie.

Jana nilimpigia Mama. Amri inatuhusu mimi na wewe, yeye hajajifungia. Alikuwa anacheka. Anasema amejichoma kidole, na damu imegoma kukatika mpaka kipande kizima cha bitana, kile kitambaa cha ndani ya gauni, kikalowa. "Kidole kimekuwa bomba," ananiambia. Nikamuuliza fizi. Akasema mswaki mpya ni mkali. Nikamuuliza mswaki aliununua lini, akaniambia nimsalimie mume wangu.

Mimi sicheki. Warfarini, hiyo dawa yenu ya damu, kazi yake ni kuizuia damu isigande kwenye ile vali. Ikipungua, donge la damu linaweza kutoka kwenye vali likapanda kichwani. Ikizidi, tundu la sindano linatosha kumtoa mtu damu bila kukoma. Njia iliyobaki katikati ni nyembamba, na vitu vingi vinamsukuma mtu nje ya hiyo njia. Aspirini. Dawa za maumivu za dukani. Baadhi ya antibayotiki. Hata mitishamba na vidonge vya kitunguu saumu.

Kwa hiyo nauliza, na usinijibu kwa mzaha: nani kampa Mama kitu, na ni kitu gani? Mgongo unamuuma akishona, najua. Wifi hakumpa kidonge cha mgongo? Jirani hakuleta chupa? Uliza kila mtu anayeingia humo ndani.

Mdogo wako


Karakana,
Machi 27

Mdogo wangu,

Nimeuliza. Wifi yako ameapa, na sasa hasemi na mimi kwa sababu nimemwapisha kama mwizi. Bibi harusi hajampa kitu. Jirani hajaleta chupa. Mama mwenyewe nimemuuliza mbele ya wote, akasema, "Hakuna aliyenipa kitu, hata juisi." Nimefungua mkoba wake, nimeinua hadi godoro. Hakuna aspirini wala kitunguu saumu. Hakuna aliyemwongezea chochote. Huo ndio ukweli.

Kwa hiyo tafadhali usituandikie kama polisi. Wewe uko huko na makabati yako ya kioo, sisi ndio tunaoishi naye. Wiki tatu zilizopita alikuwa anashika kuta. Leo anashona. Ungemwona usingeuliza maswali haya.

Kuna alama ya bluu mkononi, juu kidogo ya kifundo, upande anaoshikia mkasi. Anasema aligonga meza. Nimekuambia ili usije ukasema nimekuficha.

Dozi nitakuandikia nikipata nafasi ya kuangalia kadi.

Kaka yako


Chumba cha dawa,
Machi 29

Kaka,

Nimekupigia tangu asubuhi, hupokei. Najua ukiona namba yangu unafikiri nataka ugomvi. Leo amri ya Mama ningeivunja kwa furaha.

Yeye namba yake haipatikani. Wifi kanipokelea akasema, "Muulize kaka yako, mimi mwizi," akakata.

Alama ya bluu si meza. Mpeleke hospitali leo, usingoje kipimo cha mwezi ujao. Waambie ana vali na anatumia warfarini, wapime damu kwanza, maswali baadaye. Akilalamika kichwa au akianza kutapika, usitafute hata viatu.

Barua hii nimempa dereva wa gari la dawa mkononi.

Mdogo wako


Wodi ya wanawake,
Aprili 2

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa kwenye benchi. Mama yupo, anaongea.

Barua yako ilinikuta nimeshamleta. Jumapili alikuwa anakata bitana, akaachia mkasi. Mkono ulikuwa umevimba kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, umekaza kama tairi. Damu imevuja ndani ya misuli kwa kule kubana mkasi tu. Fizi zilikuwa zinatoka damu, na wifi yako akaniambia jambo ambalo Mama alikuwa anamficha kila mtu: choo chake kilikuwa cheusi kama lami.

Walipopima, mashine haikutoa namba. Ilisema tu imezidi. Daktari aliagiza vitamini K, lakini kidogo kidogo. Akasema akiigeuza damu haraka mno, itaganda kwenye vali, tutakuwa tumezima moto kwa mafuriko. Usiku ule nilikaa nasikiliza, tik, tik. Sijawahi kuipenda sauti kama hiyo.

Leo namba imeshuka, iko karibu na panapotakiwa. Mkono bado mkubwa. Vidole viwili anasema havimsikii.

Daktari ni kijana mstaarabu. Aliuliza kama kuna dawa mpya, nikasema hakuna. Akaangalia kadi akasema, "Basi ni lile lile. Wazee humeza, husahau, humeza tena." Nilimtazama Mama. Unamjua, huyu ni mtu anayekumbuka kipimo cha kiuno cha wateja waliokwisha kufa. Akainamisha kichwa akasema, "Labda nilijisahau, mwanangu." Wakaandika hivyo. Tukirudi nyumbani, dawa atazishika wifi yako.

Anatoka Jumatatu. Ataanza tena dawa ya damu jioni hiyo, dozi yake ya zamani, na kipimo baada ya wiki mbili. Dawa ya kichwa nimewaambia wauguzi wasihangaike, tunazo zetu, nampa mwenyewe.

Kwa hiyo usije. Umemaliza likizo, na hapa mambo yameisha.

Kaka yako


Chumba cha dawa,
Aprili 5

Kaka,

Nimeisoma barua yako mpaka imechakaa. Kila mstari nauelewa isipokuwa mmoja. Kwa nini umwambie muuguzi asihangaike na dawa ya kichwa? Wodini dawa zote hutolewa na wao. Wewe hupendi hata kumshikia Mama kikombe cha maji ya kumezea dawa. Tangu lini ukawa muuguzi?

Mama hakusahau wala hakumeza mara mbili. Alisema uongo mbele ya daktari, na Mama hasemi uongo kwa ajili yake mwenyewe.

Mimi nimeuliza swali baya. Nimeuliza nani kamwongezea nini, ukaapa kwamba hakuna, na ulikuwa unasema kweli. Sasa nauliza: nani kampunguzia nini?

Nadhani najua. "Taratibu, bila pupa." Nilidhani kliniki ndiyo iliyokwenda taratibu. Hakuna kliniki iliyopunguza, sivyo? Dozi ya kwenye kadi hukuniandikia kwa sababu kwenye kadi haijabadilika.

Nami nina langu. Nilikupa sababu moja ya kutogusa wakati zilikuwa mbili. Niliona moja inatosha. Ya pili ni hii.

Karbamazepini haifanyi kazi kichwani tu. Inaliamsha ini. Ini likiamka linaichoma warfarini haraka kuliko kawaida. Ndiyo maana miaka yote Mama anapewa warfarini nyingi kuliko wagonjwa wa rika lake: sehemu kubwa inachomwa kabla haijafanya kazi. Ukiiondoa karbamazepini, ini linarudi kulala. Halilali siku hiyo hiyo, linachukua wiki kadhaa. Na dozi ile ile ya warfarini, ambayo hakuna aliyeigusa, inakuwa nyingi, kisha nyingi mno.

Kwa lugha yako: umechomoa feni, ukaiacha kompresa izunguke kwa nguvu zile zile. Hakuna kinacholipuka. Joto linapanda kidogo kidogo, na fundi anazunguka akiuliza nani kaingiza kitu kwenye friji.

Sasa sikiliza hili. Daktari amerudisha dozi ya zamani kwa sababu anaamini dawa ya kichwa bado ipo na inaliamsha ini. Haipo. Mama akianza dozi ile Jumatatu jioni, baada ya siku chache atarudi pale pale, na safari hii inaweza isiwe mkono. Inaweza kuwa kichwa. Na usijaribu kuokoa jambo kwa kumpa dawa ya kichwa ghafla usiku huo. Ini halifanyi kazi kwa swichi.

Mwambie daktari. Hatakufunga. Atabadilisha namba tatu kwenye karatasi na Mama ataishi.

Hii usinijibu kwa barua. Nitapiga Jumatatu. Ikilia, pokea.

Mdogo wako


Nyumbani,
Aprili 14

Binti yangu,

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto. Ukicheka nitajua.

Kaka yako anasema aandike yeye. Nimemwambia akae. Ameshaandika vya kutosha, na humo mote hakuandika jambo lenyewe. Nitakuambia mimi ilivyokuwa Jumatatu, maana wewe ulisikia makelele tu.

Tulirudi mchana. Jioni wifi yako alikuja na sahani na glasi ya maji, amevaa uso wa muuguzi. Vidonge vya damu nilikuwa nimeshavishika kiganjani. Kaka yako alikuwa mlangoni na barua yako, ameichukua ofisi ya vifurushi wakati anatoka kazini. Alikuwa anaisoma amesimama, begi la vifaa bado begani. Nikaona begi linateleza. Hakulidaka.

"Mama, usimeze," akasema.

"Kwa nini?"

"Usimeze kwanza."

Akaja akanifungua vidole kimoja kimoja, kama mtoto aliyeokota kitu barabarani. Nikamwambia kiganja ni changu. Hapo simu ikalia. Akaitazama. Nikamwambia, "Pokea." Akasema, "Umekataza." Nikamwambia pokea, mpumbavu wewe.

Yaliyofuata uliyasikia. Ila hukuuona uso wake. Ulipomwambia "nilikwambia usiguse", akakujibu "ulisema ataanguka, ameanguka wapi?", ukamkata, akakukata, ukasema feni, akasema "usinifundishe friji!" Kisha akanyamaza. Wewe ulidhani simu imekatika, ukawa unaita, halo, halo. Haikukatika. Alikuwa amekaa chini sakafuni. Akasema, "Uliuliza nimempa nini. Kila siku uliuliza nimempa nini." Hilo sidhani kama ulilisikia.

Alirudi hospitali usiku ule ule, akamtafuta daktari wa zamu, akamwambia. Yule kijana hakupiga kelele. Alimuuliza tu imeachwa lini na imeachwa vipi, akaandika, akanifutia dozi ya jioni ile. Kesho yake walipima tena, na namba ilikuwa imeanza kupanda yenyewe bila ya kidonge hata kimoja. Sasa dawa ya damu nanywa chini ya nusu ya ile ya zamani, na napimwa kila baada ya siku tatu. Dawa ya kichwa wamenipa nyingine, wanasema hii haigombani na ini. Nimewauliza mara mbili kama inazaa taa. Wamesema mara chache.

Sasa sikiliza langu. Unamlaumu kaka yako peke yake, na yeye anakuachia umlaumu. Wazo lilikuwa lake. Alisema tuzime kitu kimoja, tuone. Lakini vidonge nilivikata mimi, kwa wembe wangu wa kufumulia nyuzi, maana yeye alikuwa anavivunjavunja. Nilitoa robo, nikaja kutoa nusu, mpaka nikafika kwenye unga. Nilijua ulikataza, barua yako alinisomea. Niliona tundu moja la sindano baada ya miezi, nikaona ninyi wasomi mnajua dawa na mimi najua macho yangu. Nilipojichoma kidole nikaogopa. Fizi zilipoanza nikaogopa zaidi. Lakini nilifikiri nikisema, nitarudishiwa matundu mawili, na gauni litabaki kitambaa. Nikafunga mdomo mpaka mkono ukafumuka.

Vidole viwili bado havinisikii. Daktari anasema huenda vikarudi, na anapenda sana hilo neno huenda. Pindo la gauni amelimalizia wifi yako. Limepinda upande wa kushoto. Nimemwambia, na sasa hasemi na mimi pia. Doa la damu lipo kwenye bitana, ndani, karibu na mshono wa kiuno. Nilitaka kubadilisha kipande, bibi harusi akakataa. Anasema watu wanatazama nje.

Amri ya barua naifuta. Niliiweka kwa sababu nilichoka kuwasikia mkigombana matanga hayajaisha nyumbani, na nilipata nilichokitaka, sikusikia kitu. Kaka yako akaandika nusu, wewe ukasoma nusu, mimi katikati nikakata vidonge nusu.

Kila Jumapili jioni mtapigiana. Simu iwekwe spika, juu ya meza yangu, na mkatane kauli mtakavyo. Kaka yako asipopokea, piga yangu, nitampelekea mpaka sikioni. Na mimi siku nikitaka kupunguza kitu, nitakupigia kabla sijashika wembe.

Mama yenu